Picha za usiku kwa kamera ndogo: mkononi, kwenye stendi au kwa flashi?

Mtu mwenye kamera ndogo ya dijitali akitoka nayo usiku ana njia tatu tu za kuipatia mwanga. Aishike mkononi na kupandisha ISO, yaani namba inayoonyesha kamera inakuza kwa kiasi gani mwanga ilioupokea. Aitulize mahali, aiache ikusanye mwanga kwa sekunde kadhaa. Au awashe flashi. Mengine yote yanayofundishwa kuhusu picha za usiku ni matawi ya hizo tatu. Anayeanza huruka kutoka moja hadi nyingine bila kujua, maana kamera ikiwa kwenye otomatiki inamchagulia yenyewe, na mara nyingi inamchagulia vibaya: flashi inachomoka, kichaka cha karibu kinageuka cheupe kama kimepakwa chokaa, na mandhari yote ya taa iliyomtoa nyumbani inazama gizani.

Hapa nazilinganisha kwa ajili ya mtu anayetaka kujifunza, aliye tayari kurudi nje usiku wa pili na wa tatu. Msimamo wangu nautoa mapema: anza na stendi, na ukae nayo kwa muda. Sababu yake si ubora wa picha peke yake. Nitaieleza nikifika huko. Lakini zipo hali ambazo stendi haina msaada wowote, na kuna moja, ya mwezi, ambayo huwashangaza wengi.

Sensa ndogo gizani

Sensa ndiyo kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Kwenye kamera nyingi za mfukoni ina upana wa milimita 6 na ushei na kimo cha milimita 4.5 hivi, haifiki hata ukucha wa kidole cha mwisho. Eneo lake ni kama milimita za mraba 28. Kamera kubwa za fremu kamili zina sensa ya milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864, karibu mara 30 ya hiyo yako. Mchana mwanga ni tele na tofauti hiyo haikuumizi. Usiku mwanga ni wa kudunduliza, na mwenye sensa ndogo anaambulia kidogo. Wingi wa megapikseli haubadilishi jambo hili. Eneo ni lilelile, limekatwa tu vipande vingi zaidi.

ISO nayo haiongezi mwanga. Inakuza ishara iliyokwisha kupokewa. Ni kama redio iliyoshika mawimbi hafifu: ukifungua sauti, maneno yanapanda na mkwaruzo unapanda nayo. Kwenye picha, mkwaruzo huo ndio chenga, zile nukta za rangi rangi zinazojaa kwenye anga jeusi na kwenye vivuli. Kwa kamera ndogo nilizowahi kushika, ISO 100 na 200 ni safi, 400 inavumilika, 800 ni ya kutazama kwenye skrini ndogo tu, na ikifika 1600 kamera inaanza kuzifuta chenga kwa nguvu hadi ngozi ya mtu inafanana na nta.

Kuna jambo moja ambalo kamera ndogo inazishinda kubwa, na halisemwi vya kutosha. Lenzi yake ni fupi mno. Kwenye pembe pana kabisa, urefu wake halisi wa fokasi ni milimita 5 hivi. Kwa lenzi fupi namna hiyo, hata tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa wazi kwa f/3.2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana), ukifokasi kitu kilicho umbali wa mita 2, karibu kila kitu kuanzia mita 1 mbele yako hadi upeo wa macho kinatoka kikali. Mwenye kamera kubwa akitaka hivyo inabidi abane tundu sana, na akilibana mwanga unapungua. Wewe unaliacha wazi usiku kucha bila wasiwasi.

Hesabu inayoamua

Chukulia barabara yenye taa za wastani, tundu likiwa f/3.2. Kwa ISO 100, kamera itahitaji sekunde 1 hivi. Kila ukipandisha ISO mara mbili, muda unapungua nusu: ISO 200 inataka nusu sekunde, ISO 400 robo, ISO 800 inataka 1/8, ISO 1600 inataka 1/15, na ISO 3200 inataka 1/30. Picha zote sita zitakuwa na weupe uleule. Kinachotofautiana ni chenga na mtikisiko.

Wapiga picha wana kanuni yao ya siku nyingi kuhusu mkono: muda usizidi sekunde 1 gawanya kwa urefu wa fokasi, ukihesabu kwa kipimo cha filamu ya milimita 35. Pembe pana ya kamera ndogo ni kama milimita 28 kwa kipimo hicho, kwa hiyo mkono unastahimili 1/30 ya sekunde. Rudi sasa kwenye hesabu ya barabara. Ili ufike 1/30 unahitaji ISO 3200, ambayo kamera ndogo ama haina, ama inayo kwa jina tu. Kama lenzi yako ina kifaa cha kuzuia mtikisiko, ukiwa na mkono mtulivu unaweza kushuka hadi 1/8, yaani ISO 800. Hapo ndipo mkono unapogota. Stendi inakurudisha ISO 100, moja kwa moja.

Na usivute zumu. Lenzi za kamera ndogo huanzia tundu kama f/3.2 kwenye pembe pana, na ukivuta hadi mwisho zinaangukia f/6.4 hivi, maana yake umebaki na robo ya mwanga. Papo hapo mtikisiko unakuzwa pamoja na picha. Ukitaka kitu kikubwa, kisogelee kwa miguu.

Mkononi

Nisiidharau njia hii. Mtu anayecheka chini ya taa hutamwambia ashike cheko lake kwa sekunde 2. Mtoto hatulii, mpita njia hakusubiri, na stendi, hata iwe imara namna gani, inaituliza kamera tu. Haimtulizi anayepigwa picha. Mahali ambapo watu ndio habari yenyewe, mkono na ISO ya juu vinashinda hata kama chenga zimejaa. Picha yenye chenga na uso ulio hai ni bora kuliko picha safi ya vivuli vilivyofutika.

Ukiamua mkono, uupe kila msaada. Egemea ukuta au nguzo, bana viwiko kwenye mbavu, toa nusu ya pumzi ndipo ubonyeze. Weka kamera ipige mfululizo, upige 4 au 5 kwa mshindo mmoja. Ya kwanza hutikiswa na kidole kinachobonyeza, ya mwisho na kidole kinachoachia, na za katikati mara nyingi ndizo zinazotulia. Kuna na ujanja wa kamba. Tundu la skrubu lililo chini ya kamera karibu zote ni la robo inchi. Funga kamba kwenye skrubu ya saizi hiyo, kaza skrubu kwenye kamera, kanyaga mwisho wa kamba, kisha vuta kamera juu hadi kamba ikakamae. Mkono ukiwa na kitu cha kuvutana nacho hutulia kuliko ukiwa unaelea hewani. Kamba yenyewe inakaa mfukoni.

Baadhi ya kamera zina modi ya usiku ya mkononi, inayopiga picha kadhaa za haraka na kuziunganisha ili kupunguza chenga. Kama yako inayo, itumie kwa majengo na mandhari. Watu wakitembea ndani ya fremu huweza kutoka nusunusu, kwa sababu kila picha iliwakuta mahali tofauti.

Kwenye stendi

Wengi husema stendi inaleta picha kali. Ni kweli, lakini kwa anayejifunza faida kubwa ni nyingine: stendi inatenganisha makosa. Picha mbaya iliyopigwa mkononi usiku huwa na makosa matatu yaliyochanganyika. Mkono ulitikisika, fokasi haikushika, na ISO imeleta chenga. Ukiitazama hujui lipi ni lipi, kwa hiyo hujui urekebishe nini, na kesho yake unarudi kubahatisha. Kamera ikiwa imetulia kwa ISO 100, chenga zimeondoka mezani na mkono umeondoka mezani. Zinabaki fokasi, kiasi cha mwanga, na jicho lako. Mambo matatu unayoweza kuyafanyia kazi moja moja.

Jizoeze kusoma taa. Kuza picha kwenye skrini hadi taa moja ya mbali ijae kiooni, utazame umbo lake. Ikiwa nukta safi, umepata. Ikiwa duara laini lililovimba pande zote, fokasi ilikosa. Ikiwa ina mkia, hamia kwenye taa nyingine, kisha nyingine. Ukikuta mkia uleule umepinda vilevile kwenye kila taa, kamera ndiyo iliyosogea. Ikiwa taa zote ni nukta ila majani ya mti yamefutika, kamera ilitulia na upepo ndio uliotikisa mti. Nina picha ya barabara ambayo kila taa yake ina kindoana kidogo kinachopanda juu. Ilinichukua muda kuelewa: kidole changu kilikuwa kinaisukuma kamera chini kila nilipobonyeza, na kamera ikishuka, taa zinapanda kwenye picha. Dawa ikawa taima. Iweke sekunde 2, bonyeza, ondoa mkono, kamera ipige ikiwa peke yake. Kama yako ina ya sekunde 10 tu, vumilia hizo 10.

Usiku mwingine vindoana vilirudi ingawa nilitumia taima. Nilibadilisha karibu kila kitu kwenye menyu kabla ya kuona ukanda wa kamera ukipepea na kugongagonga mguu wa stendi. Tangu hapo ukanda nauvua kabisa. Na kile kifaa cha kuzuia mtikisiko, kamera ikishakaa kwenye stendi, kizime. Baadhi huendelea kutafuta mtikisiko ambao haupo na kuuleta wenyewe.

Stendi yenyewe si lazima iwe kubwa. Kamera ya mfukoni ina uzito wa gramu 150 hadi 250 hivi, kitu ambacho stendi yoyote inabeba. Adui wa stendi nyepesi ni upepo. Kunjua kwanza vipande vinene vya miguu, vile vyembamba vya chini viwe vya mwisho, nguzo ya katikati usiinyanyue kama huna haja, na begi lako lining'inie hapo katikati likigusa ardhi kidogo ili lisibembee. Stendi fupi ya mezani, ya urefu wa kiganja, hutulia kuliko ndefu iliyo hafifu, ila inataka ukuta au jiwe la kuikalia, na hilo jiwe ndilo linalokuchagulia pembe ya picha. Kwa asiye na stendi kabisa, ningependekeza mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchanga mkavu na kushonwa vizuri. Kamera inajichimbia kitanda chake, unaiinamisha utakavyo, na haiyumbi. Mfuko huohuo ukiuweka chini kwenye barabara iliyolowa mvua, taa zinajirudia kwenye maji na picha inakuwa na uzuri ambao kimo cha mtu hakiuoni. Skrini ya nyuma utaipata kwa kulala kifudifudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa mipangilio. Kamera yenye modi ya M (unachagua muda na tundu mwenyewe) au S (unachagua muda tu) haina tatizo: ISO ya chini kabisa, tundu wazi, anza na sekunde 1, tazama, ongeza au punguza mara mbili mbili. Kamera za msingi nyingi hazina modi hizo, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa mapema. Tafuta kwenye orodha ya modi alama mbili. Ya kwanza ni ya mwezi na nyota, mandhari ya usiku. Hiyo huchagua muda yenyewe, na kwenye kamera nyingine hupandisha ISO bila kukuuliza, kwa hiyo angalia namba zinazoonyeshwa. Ya pili ni ya fataki, na hiyo usiiache ikusubiri sikukuu. Kwa kawaida ndani yake kamera inashusha ISO, inafunga fokasi kwa umbali wa mbali, inazima flashi, na kuacha shata, kile kilango kinachofungulia sensa mwanga, wazi kwa sekunde kadhaa, mara nyingi 2 hadi 4. Hayo ndiyo yote unayoyataka kwa barabara yenye taa na kwa michirizi ya magari. Kati ya hizo mbili, kwa kujifunza, ningechukua ya fataki, kwa sababu muda wake haubadilikibadiliki na unaweza kulinganisha picha moja na nyingine.

Wenye kamera za Canon PowerShot wana mlango wa ziada. Ipo programu ya bure iitwayo CHDK, inayowekwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kufungua muda mrefu wa shata pamoja na faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, kwa aina nyingi za kamera hizo. Inaendeshwa kutoka kwenye kadi, haiandiki upya programu ya kamera. Hata hivyo ningeiacha hadi uwe umeigonga mipaka ya kamera yako mara nyingi na kujua unataka ipite wapi.

Jambo la mwisho kuhusu stendi, kwa sababu liliwahi kunipotezea picha. Kamera nyingi, muda ukizidi sekunde 1 hivi, hupiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa, kwa muda uleule, ili zijue chenga za sensa zimekaa wapi na kuzitoa kwenye picha ya kwanza. Ukipiga sekunde 15, unasubiri 15 nyingine. Mara ya kwanza nilidhani kamera imeganda, nikaizima.

Flashi

Flashi ya kamera ndogo inafika mita 3 au 4, basi. Mwanga wake unapungua kwa mraba wa umbali: aliyesimama mita 2 akipata kiasi fulani, aliye mita 4 anapata robo yake, na aliye mita 8 anapata 1/16. Ndiyo maana rafiki yako aliye mbele anaungua kwa weupe na kundi lililo nyuma yake halionekani. Kuipiga flashi kuelekea jengo la ng'ambo ni kupoteza betri. Na kwa kuwa imekaa karibu kabisa na lenzi, inaleta macho mekundu, na usiku wa vumbi au manyunyu inaimulika kila chembe iliyo mbele ya kioo, picha inajaa viduara vyeupe.

Ina kazi moja inayoifanya vizuri sana, lakini kazi hiyo inataka stendi. Ni modi yenye alama ya mtu na nyota. Flashi inamulika aliye mbele kwa kitambo kifupi mno, kisha shata inabaki wazi, inakusanya taa za nyuma. Uso unatoka, na mandhari inatoka. Mwambie mwenzako asiondoke flashi ikishawaka, maana wengi hudhani picha imekwisha na kugeuka. Atulie hadi usikie shata inafunga. Wakati mwingine mimi huhesabu kwa sauti ili ajue.

Kwa kujifunza, flashi iwe ya mwisho. Inaficha giza badala ya kukufundisha kuliona.

Kwa kila kitu unachotaka kupiga

| Unachopiga | Njia | Pa kuanzia |
|---|---|---|
| Barabara na majengo yenye taa | Stendi | ISO 100, sekunde 1 hadi 4 |
| Michirizi ya magari | Stendi | ISO ya chini kabisa, sekunde 4 hadi 15 |
| Fataki | Stendi | ISO 100, sekunde 2 hadi 4 |
| Watu wanaotembea | Mkono | ISO 800, karibu na taa |
| Mtu mmoja na mandhari | Stendi na flashi | Modi ya mtu na nyota |
| Mwezi mpevu | Mkono unatosha | ISO 100, f/5.6, 1/400 |
| Nyota | Stendi | ISO 800 au zaidi, sekunde 15, pembe pana |

Michirizi ya magari inapendeza zaidi barabara ikiwa na kona. Simama nje ya njia kabisa, mahali ambapo dereva hatakukuta, kwa sababu macho yako yatakuwa kwenye skrini.

Mwezi ndio ule niliosema unashangaza. Mtu anaona ni usiku, anaweka kamera kwenye stendi kwa sekunde 2, na anapata sahani nyeupe isiyo na alama. Mwezi ni mwamba uliopigwa na jua. Upande unaouona ukiwaka, kule ni mchana. Unapigwa kama kitu cha mchana, ndiyo maana 1/400 inatosha na mkono unaweza. Kamera ikiwa kwenye otomatiki inalipima anga jeusi lote na kudhani picha ni ya giza, inaongeza mwanga hadi mwezi unaungua. Shusha kiasi cha mwanga kwa ngazi 2 au zaidi (kila ngazi inaupunguza nusu), au weka kipimo cha mwanga kiwe cha nukta moja katikati. Hapa zumu inaruhusiwa, mwanga upo wa kutosha. Ila ujue mapema kuwa kwa zumu ya mara 5 mwezi hautafika hata sehemu moja ya 25 ya upana wa picha. Kwenye kamera ya namna hiyo mwezi unapendeza ukiwa kitu kidogo juu ya mti au paa, wakati wa magharibi, kabla giza halijaingia.

Nyota zinaipima kamera hadi mwisho wake. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ukiacha shata wazi sana, nyota zinageuka mistari. Kipimo cha haraka ni 500 gawanya kwa urefu wa fokasi, kwa kipimo kilekile cha filamu: kwa milimita 28 ni sekunde 18 hivi. Kamera ndogo nyingi zenye modi ya M zinakomea sekunde 15, na kwa bahati nzuri ziko ndani ya kipimo. Nyota angavu zitatoka, na Kilimia itaonekana kama kifungu kidogo cha nukta. Njia Nyeupe kwa sensa ya ukubwa huu itakuwa ni kuibahatisha, hata mbali na taa za mji. Kamera inayokomea sekunde 1 au 2 usiilazimishe kwenye nyota. Irudishe kwenye taa, huko itakufurahisha.

Utusitusi au giza totoro?

Kama kuna chaguo moja linalobadilisha picha za anayeanza kuliko kifaa chochote, ni saa ya kutoka. Wengi wanasubiri giza liingie barabara. Wakati huo anga ni jeusi tii, taa ni kali mno, na sensa ndogo haiwezi kushika vyote viwili: ama taa zinaungua, ama kila kitu kando yake kinapotea. Utusitusi, jua likiwa limezama na taa zimeshawashwa, anga lina buluu nzito iliyo karibu sawa na mwanga wa taa. Paa linaonekana likiwa na umbo lake dhidi ya anga. Dirisha lina rangi yake ya njano, na ukuta uliolizunguka bado unaonekana.

Wakati huo ni mfupi. Jua likishuka nyuzi 6 chini ya upeo ndipo buluu hiyo inakuwa nzito, na karibu na Ikweta, ambako jua linazama karibu wima, inachukua dakika 20 na kitu tu tangu machweo. Kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia, utusitusi unarefuka. Kwa hiyo fika mapema, pembe ya picha ichague kukiwa bado na mwanga, fokasi ushike wakati kamera bado inaona, kisha usiiguse tena. Piga kila baada ya dakika 2 au 3 bila kusogeza stendi. Ukizitazama nyumbani kwa mpangilio, utaiona dakika ambayo anga na taa vilikutana. Zoezi hilo moja lilinifunza mengi kuliko usiku mzima wa kuzurura.

Rangi nayo inabadilika. Kamera nyingi za msingi hutoa JPEG tu, faili ya picha iliyokwisha chakatwa na kubanwa, na JPEG haikubali sana kurekebishwa rangi baadaye, kwa hiyo amua ukiwa palepale, kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga (white balance): alama ya balbu inapoza unjano, alama ya jua inauacha. Taa za barabarani za sodiamu, zile za rangi ya chungwa, zina rangi chache tu ndani yake. Huwezi kuzifanya nyeupe kabisa, afadhali uzikubali. Skrini pia inadanganya. Gizani inang'aa na kila picha inaonekana ina mwanga wa kutosha, kisha nyumbani inatoka nyeusi. Shusha mwangaza wa skrini, au kama kamera ina histogramu, mchoro unaoonyesha picha ina giza na mwanga kiasi gani, iamini hiyo.

Na simu je?

Simu za miaka ya karibuni zenye modi ya usiku hupiga picha nyingi fupi na kuziunganisha, na kwa mkono mtupu huweza kuishinda kamera ndogo ya zamani waziwazi. Anayetaka picha ya leo tu, atumie simu. Anayetaka kuelewa mwanga, kamera ndogo inamfaa zaidi, kwa sababu haimfichii kitu: akiweka sekunde 4 anapata sekunde 4, na kosa lake analiona kama lilivyo. Michirizi ya magari pia ni ya shata iliyoachwa wazi kweli. Simu inayounganisha picha fupi fupi huweza kuikatakata, isipokuwa iwe na modi yake maalumu kwa kazi hiyo.

Usiku wa kwanza

Betri ijae, maana shata ya muda mrefu inaila, na kadi iwe na nafasi. Kabla ya kutoka, kaa na kamera chumbani taa zikiwa zimezimwa, ujizoeze kutafuta kwa vidole taima, ISO na modi ya fataki, hadi usihitaji kuona vitufe. Chagua mahali pamoja penye taa 3 au 4, mti mmoja, na barabara au njia inayopita. Mwende wawili kama inawezekana.

Fika jua likizama. Kamera kwenye mfuko wa mchanga au stendi, ISO ya chini, taima sekunde 2, flashi imezimwa. Fokasi kwenye ukingo wa taa iliyo mbali, au weka alama ya milima, yaani fokasi ya mbali, kama kamera inayo. Piga mfululizo wa utusitusi. Giza likiingia, hapohapo, bila kuhama, ishike kamera mkononi, pandisha ISO hadi 800, upige fremu ileile mara 5. Halafu washa flashi upige tena mara moja. Nyumbani zifungue hizo tatu kwa pamoja, mkono, stendi, flashi, ukuze taa ileile kwenye kila moja, uitazame ina umbo gani.